Beleshi Langu na Maji ya Harju

Septemba 20

Leo tena nimepiga ile namba ya idara ya samaki. Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, nyumba zote za mji wetu wa Pruett hupiga namba hiyohiyo na kusikiliza sauti ileile iliyorekodiwa, ya mwanamke asiye na haraka na maisha: Mto Pruett uko chini ya kiwango, kuvua juu ya daraja, upande wa chanzo, ni marufuku. Mume wangu Royce husimama nyuma yangu akisubiri nimwambie, utadhani mimi ndiye ninayepanga. Nikikata simu bila kusema neno, anajua.

Chini ya daraja, kuelekea baharini, kunaruhusiwa, ila huko hakuna samaki. Mto umekonda mpaka hauna nguvu ya kufika baharini. Mawimbi yameujengea fungu la mchanga mdomoni, na salmoni, wale samaki wanaopanda mtoni kutaga, wamebaki upande wa pili, kwenye maji ya chumvi. Ukisimama ufukweni unawaona wakiruka. Mume wangu anapeleka wageni kuvua kwa mashua ya makasia tangu kabla hatujaoana. Mwaka jana mvua ilichelewa tukawaambia wageni wote wasije. Tukiwaambia hivyo na mwaka huu watazoea kwenda kwingine, na Royce hajui kazi nyingine.

Septemba 24

Jua. Nimesafisha jiko.

Septemba 29

Jua. Dutch Pomeroy amekuja kunywa kahawa. Naye hupeleka wageni mtoni, na mdomo wake haupumziki hata njaa ikimkaba.

"Shemeji, nimebadili kazi," akaniambia. "Sasa nitawapeleka wageni kutazama mawe ya mtoni. Mwaka huu yanaonekana vizuri sana."

Nilicheka. Royce hakucheka.

Oktoba 3

Pampu ya Toivo Harju imeunguruma tangu alfajiri. Huyu mzee ndiye jirani yetu wa upande wa juu, mwenye majaruba ya kranberi, yale matunda mekundu machungu ambayo kila nyumba huyataka mezani sikukuu ya Shukrani, mwezi ujao. Mwezi huu huwa anajaza maji majaruba yake ili matunda yaelee ayavune, na ana bwawa kubwa la kazi hiyo. Mto unakufa kiu, yeye ana bwawa! Tangu mkutano mmoja wa maji, miaka iliyopita, nilipomwambia mbele ya watu kwamba anakunywa mto peke yake, sijamsalimia. Nikimkuta dukani naingia kwenye rafu za sabuni hata kama sina haja ya sabuni. Nyumbani sasa tuna sabuni za kutosha ukoo mzima.

Royce anasema nimwache mzee wa watu. Royce ana huruma na kila mtu, ndiyo maana hatuna kitu.

Oktoba 7

Manyunyu jioni. Nilitoka nje nikasimama nilowe. Kabla nywele hazijalowa, yakaisha.

Oktoba 9

Fungu limefunguka!

Dutch alipita akipiga honi, ametoa kichwa dirishani kama mbwa. Tulikimbilia ufukweni na soksi tofauti. Mto umepasua mchanga na unamiminika baharini, na salmoni wanapanda kupitia mlango huo mwembamba, migongo nje, wakisukumana. Nililia, sioni aibu kuandika. Nikasema manyunyu yale kidogo kumbe yametosha, Mungu katufungulia. Royce akasema ndiyo, Mungu.

Kesho anapeleka wageni wake wa kwanza chini ya daraja. Mgongo unamuuma, nimempaka dawa. Anasema ni makasia. Nikamwambia makasia gani na mashua imekaa chini ya turubai tangu kiangazi. Akasema basi ni uzee.

Oktoba 11

Wageni wamepata samaki. Royce kaimba bafuni.

Oktoba 12

Nilitaka kupanda vitunguu saumu, nikakosa beleshi langu, lile lenye utepe wa kijani mpinini. Nimetafuta bandani, garini, chini ya baraza. Nikamuuliza Royce.

"Beleshi lipi?"

"Tuna mabeleshi mangapi humu ndani, Royce?"

Akasema atalitafuta.

Oktoba 14

Mambo yameharibika. Mvua haikuja tena. Maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya fungu yalikwisha kumiminika, mto ukarudi kuwa mwembamba, na jana mawimbi yakaziba mlango. Salmoni walioingia hawawezi kurudi baharini, na hawawezi kupanda kwa sababu juu ya daraja ni mawe matupu. Wote wamejikusanya kwenye shimo moja la maji pale chini ya daraja. Idara imefunga mto wote, juu na chini.

Afisa wao, Marisela Quint, alikuja na buti zake ndefu akakagua mchanga. Anasema fungu halikufunguka lenyewe. Kingo zake zilikuwa zimekatwa wima, kazi ya mkono wa mtu. Wakati wa babu zetu watu walikuwa wakichimba kila mwaka samaki waingie mapema, na ilikatazwa kwa sababu hiihii, kwamba samaki akikaa baharini anasubiri mvua salama, lakini ukimfungulia anaingia, hana akili ya kuuliza mbele yake kuna maji au hakuna.

Nilitukana sana leo. Nimesema aliyechimba ni mpumbavu, ni mroho, achomwe jua mgongoni mpaka aone samaki wanavyoona. Dutch, mezani kwetu, alikuwa akichunguza kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu ndani. Royce alisimama akaosha vyombo. Hajawahi kuosha vyombo bila kuombwa.

Oktoba 16

Jua.

Oktoba 17

Nimeenda darajani. Nusu ya mji ilikuwa pale. Maji ya shimo yamekuwa ya kijani na yana harufu. Salmoni wamelala ubavu kwa ubavu, wakubwa kama mapaja ya mtu, midomo wazi, wanapandisha pua juu kutafuta hewa. Wengine wameshageuka matumbo. Majike wamejaa mayai. Mmoja alikuwa akijigonga kwenye mawe ya upande wa juu, anarudi nyuma, anajigonga tena, na ngozi ya pua imebanduka.

Marisela anasema wanahitaji maji baridi, mengi, na haraka. Yakipanda kidogo tu wataweza kuvuka mawe na kufika shimo la juu, pale kijito cha baridi kinapoingilia chini ya kivuli. Na maji baridi yaliyo karibu ni ya bwawa la Harju tu. Mfereji wake unatoka chini ya bwawa na kuingia mtoni juu kidogo ya daraja. Lakini maji ni mali yake kisheria, hakuna wa kumlazimisha. Ameshamwomba. Mzee amejibu kwamba anaanza kuvuna wiki ijayo, na bila maji havuni.

Jioni nikamwambia Royce aende yeye, kwa kuwa hawana ugomvi.

"Mimi? Siwezi kumtazama yule mzee usoni."

"Kwani umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, Vonnie. Siwezi tu."

Basi nitaenda mimi, mwenye sabuni.

Oktoba 18

Nimeoka keki ya tufaha, nikavaa koti zuri, nikapanda njia ya kwa Harju. Nilikuwa nimepanga maneno matamu. Nilipofika mlangoni yote yalikimbia.

Toivo Harju alikuwa bandani akirekebisha mnyororo wa mashine. Amezeeka kuliko nilivyodhani. Mtu usipomtazama usoni kwa miaka, unabaki na uso wake wa zamani.

"Bi Lavonne," akasema. "Leo hakuna sabuni dukani?"

Nikatamani ardhi inimeze. Nikamkabidhi keki.

"Mzee Harju, nimekuja kuomba."

"Najua ulichokuja kuomba. Yule binti wa idara alishakuja." Aliweka keki juu ya pipa, akaitazama. "Wewe ndiye uliyesema ninakunywa mto peke yangu."

"Nilisema. Na pampu yako naisikia kila alfajiri."

"Pampu inazungusha maji ya bwawani, inanyunyizia matunda yasiungue na baridi ya usiku. Mtoni sijachota tone tangu Julai. Ungeuliza, ningekuonyesha. Bomba la mtoni lina kutu mpaka buibui wamejenga."

Nikageuza macho pembeni nisionekane nilivyoona haya, na hapo ndipo nikaliona. Limeegemezwa ukutani, kati ya reki na ndoo. Beleshi langu! Utepe wa kijani mpinini, na ile alama ya kuungua pale nilipoliegemeza kwenye jiko la kuni.

"Lako?" akauliza.

"Umelipata wapi?"

"Ufukweni. Asubuhi ile fungu lilipofunguka. Nilikuwa natembeza mbwa." Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Nikalitambua. Nilikuwa nakuona nalo bustanini. Nikajisemea, makubwa haya. Bi Lavonne anayetufundisha sote habari za samaki, ndiye aliyewaingiza mtegoni."

"Na hukumwambia Marisela?"

"Ningemwambia ili iweje? Mumeo anyang'anywe leseni kwa ajili ya wazimu wa mkewe?"

Hapo nikaelewa kila kitu kwa pamoja, mgongo wa Royce, vyombo alivyoosha, ile 'ndiyo, Mungu' yake. Ningeweza kunyamaza achukulie kuwa ni mimi. Nilitaka kunyamaza. Lakini mdomo wangu haujawahi kunitii.

"Siyo mimi," nikasema.

"Basi najua ni nani," akasema, na sauti yake haikuwa na kisasi chochote. Hilo ndilo lililoniliza.

Nililia pale bandani, kati ya mashine na keki, mwanamke mzima. Yeye akasogeza ndoo, akaigeuza, akanikalisha. Akaniambia akifungua bwawa, maji hayatajaa tena mpaka mvua inyeshe, na bila maji itabidi avune kavu, kwa vichanio vya mkono kama walivyovuna wazazi wake, kwa magoti. Yeye ana magoti mawili na yote mabovu.

"Magoti nitakuletea," nikamwambia.

Jioni

Nimeliweka beleshi mezani, badala ya sahani yake. Royce aliingia, akaliona, akaketi na koti lake mwilini.

"Nilidhani mvua itafuata," akasema. "Mawingu yalikuwepo. Nilidhani ni siku mbili tu, Vonnie. Tungepata wageni, mvua ingekuja, samaki wangepanda."

"Na Dutch?"

"Dutch alishika taa."

Nimemwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Kisha akaanza kulia, na mimi nikajikuta nimemshika kichwa, nikiwa bado na hasira. Anawapenda wale samaki kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ndiye aliyewafanya vile. Sijui niweke wapi mambo hayo mawili.

Oktoba 19

Toivo amefungua lango la bwawa saa tatu asubuhi. Royce alikuwa pale. Nilimlazimisha aende kwanza bandani, peke yake, na kofia mkononi. Sijui walisema nini. Walitoka wote wawili, Royce mwekundu mpaka masikioni, wakashika gurudumu la lango pamoja kwa sababu lina kutu na mtu mmoja haliwezi.

Maji yalitoka meusi na tope, baadaye yakawa safi. Tulishuka nayo kwa miguu kandokando ya mfereji, kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Darajani kila mtu alikuwa ameinama ukingoni. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha nikaona samaki waliokuwa juu juu wakizama, wanaenda kwenye ubaridi. Marisela akashika mdomo. Kufika alasiri maji yalikuwa yamefunika yale mawe kwa kina cha kiganja. Yule jike mwenye pua iliyobanduka, au mwingine kama yeye, akajitupa, akakwama, nusu ya mwili nje, akajipiga mkia, akavuka.

Mji mzima ulipiga kelele. Toivo alikuwa amesimama nyuma yetu, anatazama upande wa bwawa lake.

Oktoba 21

Wengi wamevuka. Waliokufa Marisela na vijana wake wamewatoa. Ni wengi pia.

Oktoba 23

Tumeanza kuvuna kavu. Magoti yameitika: mimi, Royce, Dutch, wavuvi wote walioachwa bila kazi mto ulipofungwa, na wake zao. Toivo ametupa vichanio vya mbao vya zamani vyenye meno marefu, unavipitisha kwenye majani kama unachana nywele za mtoto mkaidi. Ameketi juu ya ndoo anatuelekeza.

"Wewe Dutch, unachana au unalima?"

"Mzee, mimi nimezoea kitu kinachokimbia. Haya matunda yako yananitisha, yanakaa tu."

Oktoba 24

Magoti.

Oktoba 25

Magoti, mgongo.

Oktoba 29

Usiku baridi ilikuwa kali na hakukuwa na maji ya kutosha kunyunyizia. Jaruba la juu lote limeungua, matunda yamekuwa laini kama macho ya samaki aliyekaa. Toivo alilizunguka mara moja, akaokota tunda, akalibonyeza, akalitupa. Hakutulaumu. Nilitamani atulaumu. Hilo jaruba ndilo alilopanda na marehemu mkewe.

Royce aliacha kula mchana. Akaendelea kuchana mpaka giza likaingia hatuoni mikono yetu.

Novemba 4

Mvua! Mvua ya kweli, ya kupiga paa mpaka hamsikilizani. Nimelala nikiisikiliza na Royce ameshika mkono wangu.

Novemba 6

Mvua. Fungu limefunguka, safari hii lenyewe. Bwawa la Toivo linajaa.

Novemba 8

Yule mwanamke wa kwenye simu, kwa sauti yake ileile ya kutojali, amesema Mto Pruett uko wazi. Nilimpa Royce asikilize mwenyewe. Wageni wawili walipiga papo hapo wakitaka kesho.

"Kesho siwezi," akawaambia. "Naomba Jumanne. Kesho nina kazi kwa jirani."

Maji yamerudi, kwa hiyo majaruba yaliyobaki Toivo anayajaza maji. Dutch alimwambia Royce amerukwa na akili, siku ya kwanza ya mto unaenda kuvuna matunda! Kisha jioni akapiga simu kuuliza saa ngapi tunaanza.

Novemba 9

Jaruba lilikuwa jekundu kutoka ukingo hadi ukingo, matunda yanaelea. Royce na Dutch waliingia na suruali zao za mpira za mtoni, maji kifuani, wakiyakusanya kwa kamba ya maboya na kuyasukuma kuelekea kwenye mashine. Wanajua maji, hawa. Toivo alisema hajawahi kuwa na vibarua wanaosoma upepo. Alimwita Royce "mwanangu" mara moja, bila kukusudia, kisha akakohoa.

Novemba 19

Wageni kila siku. Salmoni wamefika juu kabisa, wanataga. Nimebaki nyumbani na usingizi.

Novemba 26

Shukrani. Toivo kaja na bakuli la kranberi, nami nikampa zawadi, sabuni. Alicheka mpaka akashika meza.

Novemba 30

Mvua imekata tena. Jua kila siku, mto unashuka, mawimbi yanarudisha mchanga mdomoni. Wageni wa stilihedi, wale samaki wa majira ya baridi, wanakuja wiki ijayo, na stilihedi wenyewe bado wako baharini. Royce hukaa dirishani na kahawa yake anatazama upande wa ufukweni. Nimemuuliza anawaza nini. Amesema hawazi kitu.

Desemba 3

Fungu limeziba. Royce kapiga namba mwenyewe, akakata simu, hakuniambia.

Desemba 4

Nimeamka, upande wake wa kitanda ni baridi. Gari halipo. Nikaenda bandani na tochi. Beleshi halipo.

Nimekimbia mpaka ufukweni kwa njia ya matuta, na buti bila soksi. Nilikuwa nikisema kwa sauti, Royce usithubutu, Royce usithubutu. Kulikuwa kunapambazuka. Fungu lilikuwa zima, laini, hakuna hata alama ya ndege. Nikalitembea lote kutoka mwisho hadi mwisho nipate uhakika. Kisha nikasimama na sikujua niende wapi, nikaenda kwa Toivo.

Gari letu lilikuwa kando ya bwawa. Royce alikuwa ndani ya mfereji, tope mapajani, anachimba na beleshi langu. Kumbe mchanga na majani ya miaka mingi yamejaa chini ya lango, wanayatoa ili bwawa lishike maji zaidi kabla ya kiangazi kijacho, na ili mwaka ujao yatoshe ya matunda na ya kufungulia samaki. Toivo alikuwa kwenye ndoo yake.

"Mbona unahema hivyo?" Royce akauliza. "Nimekuandikia, karatasi iko chini ya kikombe."

"Nilikuwa natembea tu."

Lakini Royce alishusha macho kwenye buti zangu, na buti zilikuwa zimejaa mchanga wa bahari mpaka kwenye vifundo. Aliutazama ule mchanga. Nikaona ameelewa nilikotoka kumtafuta.

Nilitaka kusema samahani. Yeye akatangulia.

"Ni haki yako," akasema, kwa sauti ndogo, akainama akaendelea kuchimba.

Nikamuuliza Toivo kama ana beleshi lingine. Akanyoosha kidole bandani. Tumechimba wote mpaka saa sita.